"Nimepita tu": kwa nini hodi za ghafla hazijarudi

Swali:

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa hapa Tanga, Ngamiani. Niliolewa Mombasa, tukakaa Mji wa Kale mpaka 2022 tuliporudi huku, na sasa tunaishi Mabawa na watoto wawili. Korona ilitukuta kule, pamoja na kafyu yake. Tatizo langu ni kwamba sijui tena kwenda kwa mtu bila kupanga. Mama yangu yuko palepale Ngamiani, si mbali hata kidogo, lakini siendi mpaka niwe nimepiga simu jana yake. Mtu akibisha hodi bila taarifa moyo unanipasuka, naanza kutazama kama sebule imefagiliwa. Mwanangu mkubwa ana miaka 12. Akisikia hodi anachungulia dirishani kisha anaingia chumbani kujificha. Shangazi yangu wa Makorora alituletea biriani tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, na bakuli lake bado liko kabatini kwangu, maana kila nikitaka kulirudisha naona nitafute siku nzuri. Mama anasema nimeingia uzungu. Mume wangu anasema dunia imebadilika, niache. Je, haya ni maradhi? Na yanaondoka?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Maradhi si haya, na kwa huo uzungu mama yako kakuonea kidogo. Ulichonacho ni adabu uliyofundishwa kwa nguvu wakati ilipohitajika, nayo haijapata habari kwamba muda wake umekwisha. Swali hili nimeletewa kwa sura nyingi hapa ninaponasihi watu, ila wewe umelitaja bakuli, na bakuli hilo limenirahisishia kazi. Nitalirudia.

Kuna maneno mawili ambayo mama yako ameyasikia mlangoni maisha yake yote: "Nimepita tu." Uzito wote uko kwenye hilo "tu". Anayelisema anamwambia mwenyeji kwamba hakuja kukopa wala kudai, hakuna mgonjwa, asibandikiwe chungu, na ataondoka atakapoondoka. Korona ililifuta hilo "tu". Ghafla kila ugeni ukatakiwa kuwa na sababu, na sababu yenyewe iwe nzito kuliko hatari ya kuambukizana. Ni mambo gani yenye uzito huo? Ugonjwa na kifo. Kwa hiyo mwaka 2020 aliyebisha hodi bila taarifa mara nyingi alikuwa amebeba habari mbaya. Leo jirani akija kuuliza kama maji yanatoka kwako na moyo ukakuruka, usiisingizie sebule. Unangoja kuambiwa nani amefariki.

Na wewe ulikuwa mahali pagumu kuliko sisi. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza: saa moja jioni kila mtu ndani, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 6 Mei ikatangazwa Mji wa Kale wenyewe ufungwe, ukakaa hivyo mwezi mzima. Misikiti ilikuwa imefungwa, na mazikoni hawakutakiwa kuzidi watu 15. Saa za kafyu zililegezwa mara kadhaa, lakini yenyewe haikuondolewa mpaka Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Karibu miezi 19.

Hebu tazama hiyo saa moja jioni ilikata wapi. Watu wa pwani hatutembeleani jua la utosi. Tunatoka likishapoa, baada ya alasiri, na utamu wenyewe uko kati ya magharibi na isha, wakati vibaraza vinajaa na kila dirisha lina mtu wa kusalimiwa. Waliopanga kafyu walitaka kupunguza mikusanyiko ya usiku, ila kwa mtu wa Mji wa Kale walikata saa ileile ya kupita. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili ikaisha tarehe 23 Mei, kwa hiyo zaidi ya nusu yake mliifunga ndani ya mtaa uliofungwa. Magharibi inaadhiniwa kama saa kumi na mbili na robo, saa moja kafyu. Sahani ya futari ilikuwa na robo tatu saa ya kutoka kwako, kufika kwa jirani, na aliyeipeleka kurudi. Nani angethubutu kumtuma mtoto?

Huku kwetu hapakuwa na kafyu. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na watoto wa shule za msingi wakakaa nyumbani mpaka tarehe 29 Juni. Mikusanyiko ilizuiwa, nyumba za ibada zikaachwa wazi. Salamu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Tarehe 3 Machi, kabla hata ya mgonjwa huyo wa kwanza, Rais Magufuli na Maalim Seif walisalimiana Ikulu kwa kugusanisha miguu badala ya kupeana mikono. Picha ikazunguka kila simu, na watoto wa mtaani kwetu wakaifanya mchezo. Kisha zikaja ndoo za maji tiririka kwenye milango ya maduka. Hakuna askari aliyewainua wazee kwenye vibaraza vya Ngamiani. Waliinuka wenyewe, mmoja leo, mwingine keshokutwa. Muuza kahawa wetu, mwenye dele na vikombe vyake vya kugonga, kuna siku alipita akigonga mtaa mzima asiitwe na mtu. Vikombe vichache, ndoo moja ya kusuuzia, midomo isiyo na idadi. Hata mimi niliyezoea kumsimamisha mlangoni nilijifanya sijamsikia, na jambo hilo linanisuta mpaka leo, ingawa najua nilikuwa na haki.

Kwa hiyo wewe ulikatazwa, mama yako alipungukiwa. Kwake wageni walipungua kisha wakarudi nusu, hakuna siku aliyoambiwa "usifungue". Ndiyo maana hakuelewi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wewe na mumeo mmelishika vibaya. Mnadhani zamani watu walikuwa wakiendeana bila mpango, hivihivi, kama upepo, na kwamba upepo ukishapita haukamatiki. Mpango ulikuwepo, tena mkubwa, ila ulikuwa wa mtaa mzima, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuupanga.

Kulikuwa na saa zake. Surat An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa humohumo ndani waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri mnapovua nguo mpumzike, na baada ya sala ya isha. Ziondoe hizo tatu, zinazobaki ndizo saa za kupita: asubuhi uwanja ukishafagiliwa, na jioni baada ya alasiri. Majirani zetu Wakristo waliishi kwa saa hizohizo bila kuuliza zimetoka wapi. Mtu akija saa nane mchana, ulijua kuna jambo. Hodi nazo zilikuwa na idadi, tatu, zikinyamaziwa unarudi zako wala hununi.

Palikuwa na mahali pake. Nyumba ya Ngamiani ina kibaraza mbele na uani nyuma, na katikati ndiko kwa wenyewe. Mgeni wa kupita hakufika katikati. Mwanamume aliishia kibarazani, mwanamke alizunguka uani, akakuta mwenziwe anachambua mchele, akavuta kigoda, akachambua naye. Sebule yako unayoihofia, mwanangu, haikuwa na kazi katika jambo hili. Sebule ilikuwa ya wachumba na watu wa posa.

Na zaidi ya yote kulikuwa na visingizio. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndiko kulikobomoka. Hakuna aliyekwenda kwa jirani kusema "nimekumiss". Alikwenda kuazima mbuzi ya nazi. Au ungo, au ngazi, au chumvi ya kumalizia mchuzi. Aliyeazima lazima arudishe, kwa hiyo safari moja ilizaa ya pili. Na sahani ndiyo iliyokuwa na ujanja kuliko vyote, kwa sababu pwani sahani ya mtu hairudi tupu. Umeletewa kachori, utaosha sahani na kungoja siku ukipika visheti uitie viwili vitatu, umpelekee. Sasa visheti vyako navyo vimekwenda na sahani yake, lakini amekula vyako, kwa hiyo sasa anadaiwa yeye. Deni hilo halikwisha, na hakuna aliyetaka liishe. Bibi zetu walikufa wakidaiana sahani. Humo ndimo mlimotoka habari za nani anaumwa, nani kapata kazi bandarini, binti wa nani anaulizwa. Ukitazama juu juu utasema watu wanapeana chakula.

Korona ikaja ikagusa hasa vitu vinavyopita mkono kwa mkono. Sahani, kikombe, mbuzi, mkono wenyewe. Mwezi ule Mji wa Kale ulipofungwa, uzi wa sahani ulikatika, na uzi ukikatika hakuna anayejua zamu ni ya nani. Hilo ndilo lililokupata. Wewe una hamu ya kwenda kwa mama yako; kisingizio ndicho huna, na bila kisingizio ugeni unakuwa shughuli, na shughuli inataka simu.

Nisiitwike korona mizigo yote. Jokofu na blenda zilikwisha kuanza kazi hii kabla yake. Mwenye blenda haazimi mbuzi. Nyumba mpya za kuelekea Kange zina kuta na mageti, na hodi ya getini ni kengele, kengele haina sauti ya mtu. Simu nayo ilikuwepo. Ila simu tulikuwa tukiitumia kuulizia, korona ikatufundisha kuitumia kuombea ruhusa.

Wala sitaki kukuuzia zamani kama asali. Ugeni wa ghafla ulibebwa na mgongo wa mwanamke. Mwanamume alikaa kibarazani akisema "karibuni, karibuni", na aliyekuwa akipunguza chakula cha wanawe ili kitoshe alikuwa uani. Nimewasikiliza wanawake wengi, hapa Tanga na kwingineko, walioniambia kwa sauti ya chini kwamba miezi ile ya 2020 walipumzika. Nawaamini. Kama na wewe kuna sehemu ya moyo wako iliyopumzika, usione haya kuikubali, na usirudishe kila kitu. Rudisha unachokikosa.

Mumeo anasema uache, upange tu kama watu wengine. Kupanga si dhambi. Lakini kupanga kunakula utamu, na hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Gabriela Tonietto na Selin Malkoc, walichapisha majaribio yao kuhusu starehe na ratiba. Katika jaribio mojawapo waliwapa wanafunzi waliokuwa kwenye msimu wa mitihani kahawa na biskuti za bure. Baadhi walichagua saa maalumu ya kwenda kuchukua, wengine waliambiwa waende wakati wowote ndani ya saa mbili. Kahawa ileile, biskuti zilezile. Wenye saa maalumu hawakufurahi kama wenzao. Starehe ikishaandikiwa saa, inaanza kunuka kazi. Lakini ona na upande wa pili: wale wengine nao walikuwa na mpango, wa mkadirio, na haukuwaharibia kitu.

Niliposoma nilicheka, maana ndivyo alivyokuwa akisema marehemu bibi yangu: "Nitakuja baada ya alasiri." Baada ya alasiri ni lini? Ni kuanzia pale mpaka magharibi, saa mbili na ushei, na aliyeambiwa hangoji mlangoni wala hakasiriki. Kwa hiyo kama simu ya mama yako imekushinda kuiacha, usiiache. Badilisha unachokisema. Usimwambie "kesho saa kumi na robo". Mwambie "wiki hii nitapita jioni moja", ukate simu. Baada ya wiki chache hata hilo hulisemi.

Kuhusu mlango wako. Mtu akibisha, toka wewe, usimwingize. Weka mkeka au viti viwili nje, ukae hapo baadhi ya jioni, hata kama ni kuchambua mboga. Ukiwa nje tayari hakuna hodi ya kukushtua. Mtu anaonekana tangu kwenye kona, unamtambua kwa mwendo, mwili unapata nafasi ya kutulia kabla hajafika. Mwanzoni watu watakupita kwa salamu tu. Usiidharau. Mwaka 2014 Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walionyesha kwamba wateja wa mkahawa waliotabasamu na kuzungumza maneno mawili matatu na muuzaji walitoka na furaha kuliko walionunua kimya wakaondoka. Ni muuza kahawa, hata jina hawalijui. Basi na wewe mwite huyo mwenye dele. Kahawa ukiiogopa, nunua kashata.

Kijana wako ananishughulisha kuliko wewe. Ana miaka 12 leo, kwa hiyo wakati ule alikuwa katika umri ambao watoto wetu huanza kutumwa. Kutumwa ndiyo shule yenyewe. Mtoto anapewa maneno ya kusema, "Mama anakusalimu, anaomba limau," anayarudia njia nzima asiyasahau, anabisha hodi kwa watu wazima, anasubiri, anaamkia, anarudi na limau na salamu na pengine andazi. Wako shule hiyo aliikuta imefungwa, na ilipofunguliwa alikuwa amepita darasa. Anajificha kwa sababu hajui maneno. Usimkemee wala usimtoe chumbani mbele ya mgeni. Mtume. Anza na jirani wa ukuta kwa ukuta, kitu kidogo, mpe maneno ya kusema. Atakuja juu kwamba dukani limau zipo. Mwambie unajua.

Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walichapisha majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, wakiuliza jambo dogo: ukimtafuta mtu uliyepoteana naye kidogo, kwa ujumbe au zawadi ndogo, atathamini kiasi gani? Watafutaji walikisia chini. Waliotafutwa walithamini zaidi ya walivyodhaniwa, na hasa pale walipokuwa hawakutarajia. Kwa hiyo hesabu unayopiga kichwani, kwamba utamkera, utamkuta kachoka, atashangaa, kwa kawaida inakosea kuelekea upande huo mmoja. Kushangaa ndiko kulikoleta furaha.

Jambo moja ulipime mwenyewe kwa ukweli. Kama moyo unapiga hata hodi ikiwa imeshaondoka, hulali, unaosha mikono mpaka inachubuka, au umeacha kutoka hata kwenda sokoni, hapo nasaha za kuandikiana hazitoshi. Nenda hospitali, hata pale Bombo, uulizie huduma ya afya ya akili, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Katika barua yako sikuyaona hayo, lakini barua haionyeshi yote.

Tumebaki na bakuli. Kulirudisha tupu hutaki, mama yako alikulea vizuri. Lakini tangu Mfunguo Mosi umekuwa ukilikuza: biriani lazima ilipwe kwa kitu cha biriani, na kitu cha biriani kinataka siku nzuri. Hakitaki. Kaanga kalimati, zikiungua kidogo ni sawa. Baada ya alasiri mchukue kijana, yeye abebe, usipige simu. Usimkute, mwachie jirani yake wa uani, na hapo utakuwa umeanzisha uzi mwingine. Ukimkuta, kaa nje, usizidishe nusu saa. Shangazi atauliza "Kwema?" kabla hata ya kukukaribisha, maana naye aliuishi mwaka uleule. Mwambie kwema.